Maini ya Kuku: Yalie Mdomoni, Yasikurukie Usoni

Kila ukoo una mtu anayejua kupika rosti ya maini. Vitunguu, nyanya, hoho, bizari kidogo, na wali pembeni unasubiri. Hatuna ugomvi na rosti. Leo tunazungumzia maini yasiyojua mchuzi: yamevikwa unga, yamezama kwenye mafuta ya moto kwa dakika chache, yametoka na ganda kavu linalolia ukiling'ata, na ndani yamebaki laini. Kusini mwa Marekani, katika majimbo kama Georgia, Alabama na Mississippi, hiki ni chakula cha kawaida kabisa. Hukaangwa sambamba na kuku, na hata vituo vya mafuta vya barabarani huyauza yakiwa ya moto. Sisi vifaa vyote tunavyo. Vingi viko dukani kwa Mangi, hatua chache kutoka mlangoni.

Adui ni mmoja: maji. Ini bichi la kuku ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake, maana yake nusu kilo ya maini imebeba zaidi ya theluthi moja ya lita. Maji hayo yakikutana na mafuta yaliyofika nyuzi joto 180 za Selsiasi, hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke usipoongozwa utalainisha ganda, au utakurushia mafuta mkononi, au utafanya yote mawili. Ndiyo maana karibu kila kidokezo hapa kinahusu kuyapunguza maji, kuyazuia, au kuyapa njia ya kutokea.

Vipimo ni vya nusu kilo ya maini, yanayotosha watu wanne wenye adabu au wawili wasio nayo. Andaa maziwa mgando kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja, konfulawa nusu kikombe, beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, pilipili manga, paprika au pilipili ya unga, kitunguu saumu cha unga, na mafuta ya kupikia lita moja.

1. Nunua kwa macho, thibitisha kwa pua

Ini zuri lina rangi ya damu ya mzee, linang'aa, na ukiligusa halibomoki. Harufu yake ni hafifu. Likinuka uchachu, liache hapo hapo.

Kuna rangi mbili zinazowachanganya wanunuzi. Ya kwanza ni njano iliyofifia. Mara nyingi hilo ni ini lenye mafuta mengi tu, la kuku wa mayai au aliyenenepeshwa. Linalika, na wapo wanaolipenda kwa ulaini wake, ila huvunjika upesi unapolivika unga. Ya pili ni kijani, na hapo kuwa mkali. Hiyo ni nyongo. Kifuko chake hukaa kimeshikana na ini, na mchinjaji mwenye haraka akikipasua, ini linalowa. Doa dogo unaweza kulikata na kulitupa. Ini lililolowa lote usilichukue hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu uchungu wa nyongo hauogopi viungo wala pilipili.

Kuku mmoja ana ini moja, kwa hiyo nusu kilo inahitaji kuku zaidi ya kumi. Hiki si chakula cha jogoo mmoja wa kienyeji wa Jumapili. Nenda mahali wanapochinja kuku wengi. Kwa Dar es Salaam, watu wa Kisutu na Shekilango hawatakushangaa, maana hapo viungo vya ndani huuzwa pembeni ya kuku wenyewe. Omba upimiwe maini matupu. Muuzaji atapenda kuchanganya na firigisi ili mizani ijae, na firigisi ni tamu kweli, lakini ni msuli mgumu unaohitaji kuchemshwa muda mrefu kabla haujaona mafuta. Ukizitia karai moja na maini, maini yataungua au firigisi zitakuwa mpira.

Maini yawe kitu cha mwisho kununua sokoni na cha kwanza kuingia kwenye friji. Yapikwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Ini haliwezi kungoja wikendi.

2. Yaliyoganda hayana haraka

Maini ya friza ya supamaketi yanafaa, mradi uyayeyushe ndani ya friji usiku kucha, yakiwa kwenye bakuli. Kuyaacha juu ya meza tangu asubuhi ni kuwapikia bakteria kabla ya kuwapikia watoto. Barafu hupasua chembe za nyama, hivyo yatatoa maji mekundu mengi kuliko mabichi. Yamwage yote, kisha zidisha juhudi kwenye kidokezo cha sita.

3. Punguza upasuaji

Kila ini la kuku lina ndewe mbili zilizoungwa na vishipa vyeupe. Tenganisha ndewe, toa vishipa hivyo pamoja na vipande vya mafuta, basi. Usikatekate zaidi. Vipande vidogo huiva hadi ndani kabla ganda halijashika rangi, na hapo ndipo ini linapokuwa kavu na la ungaunga kooni. Ndewe nzima ndiyo saizi sahihi.

4. Suala la kuosha

Hapa najua nakanyaga nyaya za umeme. Sisi tunaosha kila kitu, na nyama tunaiosha mara tatu. Ila wataalamu wa usalama wa chakula wanashauri kuku mbichi asioshwe chini ya bomba, kwa sababu matone huruka na kusambaza bakteria kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyoandaliwa pembeni. Bakteria wanaotajwa zaidi ni Salmonella na Campylobacter. Kuosha hakuwaui. Moto ndio unaowaua.

Kama moyo haukubali, na mama mkwe amesimama mlangoni, basi yasuuze polepole ndani ya bakuli la maji, yamwage taratibu, kisha sugua sinki kwa sabuni. Yachuje vizuri. Kila tone utakaloacha hapa utalilipa mbele ya karai.

5. Maziwa mgando kwanza, ndimu baadaye

Watu wa Kusini mwa Marekani hulowesha maini kwenye maziwa yaliyochachuka. Sisi tuna maziwa mgando, mtindi, na majirani zetu wa Kenya wana mala, na vyote vinafanya kazi ile ile. Uchachu wake wa upole unatuliza ile ladha kali ya chuma ambayo huwakimbiza wengi wasile maini, na uzito wake unashika unga vizuri kuliko maji. Changanya kikombe kimoja cha maziwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, zamisha maini, funika, weka kwenye friji saa moja hadi mbili. Yakilala humo usiku mzima hayaharibiki.

Maziwa mabichi ya kawaida nayo hufaa, ila ni mepesi. Kama ndiyo uliyonayo, kamulia matone machache ya ndimu na uyaache dakika kumi yashike uzito.

Kukamulia maini ndimu moja kwa moja, kama tunavyofanya kwa samaki, ni jambo jingine kabisa. Ini ni laini mno. Asidi ya ndimu huupika uso wake, ukageuka wa kijivu na mgumu, na juisi ya ndani ikaanza kuvuja. Ndimu ina heshima yake hapa, lakini nafasi yake ni mezani.

6. Kung'uta, usiogope

Maini yakitoka kwenye maziwa, yaweke kwenye chujio kwa dakika tano. Unataka utando mwembamba wa maziwa uliobaki juu yake, wala si kidimbwi. Unga ukikutana na kidimbwi unakuwa tope, na tope halikaangiki likawa kavu. Yale yaliyokuwa kwenye friza yape dakika kumi. Maziwa yaliyobaki weka pembeni vijiko viwili vitatu, utavihitaji muda si mrefu. Mengine mwaga, kwa kuwa yameshakaa na nyama mbichi.

7. Choma uma

Hiki ndicho kidokezo ambacho mikono yako itanishukuru. Ini limefunikwa na ngozi nyembamba sana. Maji ya ndani yakichemka hayana pa kutokea, shinikizo linapanda, na ini linapasuka kama puto, likirusha mafuta hadi kwenye paji la uso. Aliyewahi kukaanga maini anaijua milio hiyo. Dawa ni ndogo: kila ndewe ichome kwa uma mara mbili tatu kabla ya kuivika unga. Mvuke utapata matundu ya kupumulia.

Hata hivyo, kuchoma kunapunguza milipuko, hakuimalizi. Kaa hatua moja nyuma, tumia koleo refu, vaa nguo ya mikono mirefu, na watoto wacheze chumba kingine. Kama una kifuniko cha wavu, kiegemeze juu ya karai. Wavu unazuia mafuta na kuuachia mvuke. Kifuniko kizima cha sufuria hurudisha mvuke ukiwa matone, nayo matone yakianguka kwenye mafuta ya moto huzua vita vipya.

8. Unga ni timu, usimtegemee mchezaji mmoja

Unga wa ngano mtupu utakupa ganda, na kwa dakika tano za kwanza litakuwa zuri. Kisha litalegea. Ngano ina gluteni, ambayo hunyonya maji na kuvutika. Tunatafuta kinyume chake, yaani kitu kinachokauka na kuvunjika. Ndiyo sababu ya konfulawa, ambao ni wanga wa mahindi mtupu usio na gluteni. Sehemu mbili za ngano kwa moja ya konfulawa ni mchanganyiko unaoshika vizuri na kukauka vizuri.

Huna konfulawa? Unga wa mchele unafanya kazi nzuri sana, tena ganda lake ndilo linalodumu kavu kwa muda mrefu. Unga wa muhogo nao unafaa, ukitoa ganda jepesi na lenye mlio. Sembe inaweza kuingia badala ya konfulawa kwa wanaopenda ganda la chengachenga. Wamarekani wengi wa Kusini nao huchanganya unga wa mahindi kwenye vyakula vyao vya kukaanga. Unga wa dengu utakuletea kitu chenye harufu ya bajia. Si kibaya, ila dengu hushika rangi haraka, hivyo punguza moto kidogo. Unga wa ngano unaojiumua wenyewe, ule ulioandikwa kuwa tayari una hamira ya kemikali, utumie bila kuongeza beking pauda nyingine.

Beking pauda inafanya nini humu? Ikikutana na maziwa yenye uchachu na joto, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na viputo vyake huacha matundu madogo ndani ya ganda. Ganda lenye matundu ni jepesi na hukauka upesi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ukizidisha, ulimi utahisi magadi.

Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye unga, na viungo uwe navyo huru. Pilipili manga ni lazima, kwa maoni yangu, tena ya kusagwa muda huo huo. Paprika inaleta rangi. Kitunguu saumu kiwe cha unga kikavu, kwa kuwa kibichi kilichotwangwa huungua na kuwa kichungu kabla ini halijaiva. Binzari nyembamba kidogo inaleta harufu ya pwani. Sukari usitie.

Sasa vile vijiko vya maziwa. Vinyunyizie kwenye unga na usugue kwa vidole mpaka utokee uvimbevimbe mdogo mdogo. Hivyo vivimbe vikishikamana na ini vitakuwa zile ncha ngumu zinazovunjika kwa mlio, ambazo watu hudhani zinatokana na siri ya hoteli. Ingiza maini machache kwa wakati, yabonyeze ili unga ushike kila upande, kisha kung'uta ule wa ziada. Mkono mmoja ushike vitu vibichi vyenye maziwa, mwingine ushughulike na unga mkavu. Usipofanya hivyo, vidole vyako ndivyo vitakavyokuwa na ganda zuri kuliko maini.

9. Robo saa ya subira

Panga maini yaliyovikwa unga kwenye waya au sinia, yasigusane, uyaache dakika kumi hadi kumi na tano. Unga unanyonya ule unyevu uliobaki na kugeuka gundi. Ukiyatupa kwenye mafuta mara tu baada ya kuyavika, nusu ya unga itabaki chini ya karai, ikiungua na kuyachafua mafuta. Ukiona sehemu zimelowa, paka unga mkavu kidogo tena kabla ya kukaanga. Dakika hizo zitumie kukata kachumbari.

10. Mafuta: uchaguzi, kina, joto

Alizeti iliyosafishwa kiwandani ndiyo chaguo langu. Haina ladha ya kuingilia, na inahimili joto la juu bila kutoa moshi. Alizeti ya kukamua, ile ya dumu inayopandishwa basi kutoka Singida, ni tamu mno kwenye mboga, lakini haijasafishwa. Ikipata moto mkali hutoa povu na moshi mapema. Iweke kwa ajili ya mchicha. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa yanakaangia vizuri pia. Siagi haina kazi hapa, kwani huungua kabla hujamaliza kuomba baraka.

Tumia karai au sufuria yenye kitako kizito na kuta ndefu. Kikaango kifupi cha chapati hakikufai. Mafuta yawe na kina cha sentimita tatu au nne, na yasivuke nusu ya chombo, maana yatapanda na kutoa povu maini yakiingia.

Joto liwe kati ya nyuzi 175 na 180. Kama una kipimajoto cha jikoni, kazi imekwisha. Kama huna, chovya mpini wa mwiko mkavu wa mti. Viputo vidogo vikianza kuchemka kwa utulivu kuuzunguka, anza. Visipotokea, subiri. Vikifoka kwa fujo, au ukiona moshi mwembamba, epua kidogo. Njia ya pili ni kudondosha uvimbe mmoja wa unga. Ukizama na kukaa chini, bado. Ukiibuka mara moja na kuchemka, mafuta yako tayari. Ukigeuka mweusi ndani ya sekunde chache, umechelewa.

Joto ndilo linaloamua mambo yote. Katika mafuta ya moto, maji ya kwenye ganda hutoka kwa nguvu yakiwa mvuke, na msukumo huo wa kutoka huyazuia mafuta yasiingie. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu msukumo unakufa, na ini linakunywa mafuta taratibu. Yule anayepunguza moto ili "yasiungue" ndiye anayekula maini yaliyolowa.

Kwa wenye jiko la mkaa: subiri makaa yapoteze moshi na kushika wekundu wa sawasawa, na uwe na mahali imara pa kuepulia karai kwa usalama. Joto la mkaa huwezi kulizungusha kwa kitufe. Unalidhibiti kwa mlango wa jiko na kwa kuepua. Gesi ina wepesi wake, ila nayo ina hatari ya mafuta kumwagikia moto. Mafuta yakiwaka, zima moto wa jiko, funika karai kwa kifuniko, na usithubutu kumwaga maji.

11. Kaanga kwa mafungu

Vipande sita au saba kwa awamu moja, viwe na nafasi ya kuogelea. Ukijaza karai, joto litaporomoka na utarudi kule kwenye kunywa mafuta. Viteremshe kimoja kimoja, ukivielekeza mbali nawe. Usiviguse dakika ya kwanza, kwa kuwa ganda bado bichi na litabanduka. Geuza mara moja. Jumla ni dakika tatu hadi nne, au tano kwa ndewe kubwa. Sikiliza pia: mlio wa mafuta hupungua maji yanapopungua. Ukitulia na rangi ikawa ya kahawia iliyokolea, toa. Kati ya fungu na fungu, ondoa chengachenga kwa kijiko cha matundu na upe mafuta nafasi ya kupanda joto tena.

Kuna mtindo wa mahoteli wa kula maini yakiwa na wekundu katikati. Mtindo huo una gharama. Campylobacter anaweza kukaa ndani ya ini lenyewe, mbali na uso wake, na Uingereza imewahi kuwa na milipuko kadhaa ya ugonjwa wa kuhara iliyohusishwa na vyakula vya maini ya kuku yasiyoiva. Mamlaka za Marekani zinataka katikati ya ini pafike nyuzi 74. Bila kipimajoto, kata kipande kinene kuliko vyote. Juisi isiwe na damu, na rangi iwe ya hudhurungi au kijivu katikati. Likifika hapo liondoe, usiliongezee dakika za wasiwasi. Ini halina mafuta mengi wala misuli ya kulikinga, na dakika mbili za ziada zinatosha kulikausha.

12. Hotipoti ni adui wa familia

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibiwa na watu wenye nia njema. Maini yametoka, yanalia, yana rangi. Shangazi anayatia kwenye hotipoti na kufunga kifuniko ili baba akirudi ayakute ya moto. Atayakuta ya moto kweli, na yamelowa. Mvuke unaendelea kutoka ndani ya maini kwa muda mrefu baada ya kuepuliwa, na ukifungiwa unarudi kwenye ganda. Foili inafanya kosa lile lile, na hata sinia iliyojaa vipande juu ya vipande.

Yapange kwenye waya wenye miguu juu ya sinia, hewa ipite chini. Huna waya? Chekecheke kubwa la bati lililopinduliwa linatosha. Karatasi za jikoni ziyapokee kwa sekunde chache tu kunyonya mafuta ya juu, kisha yahamishe. Gazeti tusome, wino wake usiguse chakula. Nyunyiza chumvi kidogo sana wakati huo huo, yakiwa bado yanang'aa mafuta, kwani yakishakauka chumvi haishiki.

Kama wageni wamekwama kwenye foleni ya Ubungo, usiyakaange kwanza. Yaliyovikwa unga yanaweza kungoja nusu saa kwenye friji. Kama una oveni, fungu la kwanza linaweza kukaa humo kwenye nyuzi 100, bila kufunikwa, mpaka la mwisho liive.

13. Mezani

Maini yana utajiri wa ladha unaohitaji kukatwa na kitu kichachu. Ndimu sasa imefika zamu yake, ikamuliwe na kila mtu kwenye sahani yake wakati wa kula. Sosi ya ukwaju yenye pilipili na chumvi ni bora kuliko tomato ya chupa, nikiulizwa. Kachumbari ikae kwenye bakuli lake, isimwagwe juu. Ugali, chipsi, viazi vya kuchemsha, hata mkate wa bofulo, vyote vinakwenda. Kwa wali, tafuta mchuzi wa pembeni.

14. Wanaopaswa kula kwa kiasi

Maini yanasifiwa kwa kuongeza damu, na sifa hiyo si ya bure: gramu 100 za maini ya kuku yaliyopikwa zina takriban miligramu 12 za madini ya chuma, pamoja na foleti na vitamini B12 kwa wingi. Tatizo liko kwenye vitamini A. Gramu hizo hizo zina takriban mikrogramu 4,000 za retinoli, wakati kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni 3,000 kwa siku. Mtu mwenye afya akila mara moja moja hapati shida. Mjamzito ni suala jingine, kwa sababu retinoli ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na huduma ya afya ya Uingereza inawashauri wajawazito wasile maini kabisa. Najua kwetu mjamzito ndiye anayesukumiwa sahani ya maini kwanza. Amuulize mhudumu wa kliniki kabla ya kuila. Wenye jongo nao wajihadhari, maini yana purini nyingi.

15. Yakibaki, na yale mafuta

Mabaki yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili, yaliwe siku inayofuata. Pasha moto kwenye oveni, kwenye mashine ya kukaangia kwa hewa, au kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto wa wastani, ukigeuza. Maikrowevu italifanya ganda kuwa ngozi.

Mafuta yakipoa kabisa, yachuje kwa kitambaa safi na uyahifadhi kwenye chupa, mahali penye giza. Yakiwa bado mepesi na hayanuki, yatakaanga maini au samaki mara moja nyingine. Yakiwa meusi, mazito au yanatoa povu, yamalizie safari kwenye takataka yakiwa ndani ya chupa iliyofungwa, wala si kwenye sinki. Na ile chupa ya kuhifadhi iandike kwa kalamu ya wino mzito, "maini", kabla mtu hajaamka alfajiri akayakaangia maandazi mafuta hayo.